Bei ya kuangusha si bei ya kuondoa: mwembe wa baba ulivyonitoa jasho

Mwembe wa nyumbani kwetu Mtoni, Temeke, ulikuwa dodo. Marehemu baba aliupanda mwaka 1983, mwaka aliomaliza kuezeka nyumba, na hadi tunauangusha mwezi Mei 2024 ulikuwa umeshazipita paa zote za kichochoro chetu. Mimi na mwanangu tukilikumbatia shina, kila mmoja upande wake, vidole vyetu vilikuwa vinagusana kwa shida.

Naandika haya kwa sababu tangu tuumalize, majirani watatu wameshakuja kuniuliza swali lile lile: ulilipa shilingi ngapi? Nikiwatajia wanashika vichwa. Niliambiwa laki moja na themanini. Nilimaliza na milioni moja, laki moja, hamsini na saba elfu na mia tano, na hapo nimeshatoa pesa niliyopata kwa kuuza kuni. Tofauti hiyo haikuibwa na mtu mmoja. Ilikwenda kwenye mambo ambayo sikujua kwamba yana bei, na mengine niliyatengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Mti ulianza kutuonya mapema. Mwaka 2021 tuliona udongo wa mchwa unapanda hadi kwenye panda, pale shina linapogawanyika mara mbili, na mvua ikinyesha maji yalikuwa yanatuama pale kama kwenye bakuli. Baadaye ukaota uyoga bapa, mgumu kama kigae, chini ya tawi kubwa lililoelekea kwa jirani. Kijana mmoja anayepogoa miti mtaani alipita, akagonga tawi kwa mgongo wa panga, akaniambia, "Dada, hili linaoza kwa ndani. Nipe sitini nilishushe."

Elfu sitini niliziona nyingi. Mama naye hakutaka hata kusikia, maana tawi lile ndilo lililokuwa linazaa kuliko yote. Tukaacha.

Siku hizi nikipita kwenye ua wa mtu mwenye mti mkubwa, najikuta nagonga. Mti mzima hutoa sauti fupi, kavu. Uliooza unaitika kama ngoma. Na uyoga ukishaota kwenye shina au juu ya mizizi, jua kuoza kumeanza siku nyingi huko ndani; ule unaouona nje ni matunda yake tu. Kuubandua kwa kisu, kama nilivyokuwa nafanya mimi, hakusaidii kitu.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinapita karibu na Mafia, huku kwetu tulipata upepo na mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza, boti za Unguja zimesimamishwa, watu wako ndani. Sisi tulikuwa tunausikiliza mwembe. Majani yana kelele yake, hiyo tumeizoea, lakini siku ile shina lenyewe lilikuwa linalia, kama mlango mzito ambao bawaba zake zimekauka. Mama alikaa kitandani na tasbihi yake, hakusema neno. Upande wa pili wa ukuta jirani yetu, Mama Salma, alikuwa amewahamishia watoto chumba cha mbele.

Kulipotulia nilitoka. Mti ulikuwa umesimama. Nikazunguka nyuma ya shina, na pale ardhi ilikuwa imepasuka: ufa wenye umbo la mwezi mchanga, umelizunguka shina upande mmoja, unaingia vidole viwili. Mizizi ya upande huo ilikuwa imenyanyuka na udongo wake. Nimeuliza mafundi wawili baadaye na wote wamenijibu sawa. Ukishaona ufa wa namna hiyo, hakuna tena habari ya kupogoa, mti unaondoka.

Mama Salma alikuja saa mbili asubuhi, hakukubali hata kukaa. "Jirani, tumeishi vizuri miaka yote hii. Lakini huu mti uondoe. Mimi nina watoto."

Nilimwambia ndani ya wiki hii utakuwa umeondoka. Ahadi hiyo ndiyo iliyonikimbiza, na haraka ndiyo iliyonifilisi. Baada ya upepo ule kila mwenye mti Dar es Salaam alikuwa anatafuta fundi, kwa hiyo bei zilikuwa juu, mafundi wazuri wote wana kazi, na waliobaki vijiweni ni wale ambao hakuna aliyewataka. Kama mti wako haujapasua ardhi, subiri Julai au Agosti. Masika yamekwisha, udongo umekauka, fundi ana nafasi ya kuja kuangalia mara mbili na ana nafasi ya kupunguza.

Jambo nililolifanya vizuri ni kwenda serikali ya mtaa kabla ya panga kugusa tawi. Nilikwenda Jumatatu, nikiwa na picha za ule ufa kwenye simu. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuangalia, akaniandikia barua, nikapeleka kwa mtendaji wa kata, na huko nikaelekezwa kwa ofisa wa misitu wa manispaa. Siku mbili za miguu. Nauli, kopi na soda za hapa na pale zilinila kama elfu ishirini. Wengine watakwambia mti uko uani kwako, unauliza nini. Mimi nasema uliza, na kila karatasi itunze, na kama kuna malipo yoyote ya serikali lipa kwa kumbukumbu namba, usimpe mtu pesa mkononi. Karatasi zile zilikuja kuniokoa baadaye, dereva wa gari alipokataa kubeba magogo hadi aone kibali.

La pili lilikuwa waya. Umeme wetu ulikuwa unaingia nyumbani kwa kupita katikati ya matawi. Nikaenda ofisi ya umeme ya wilaya, nikajaza maombi washushe waya siku ya kukata. Walisema watakuja Alhamisi. Fundi wangu wa kwanza aliposikia alicheka. "Mama, mimi nakata miti miaka kumi. Waya naupitisha pembeni." Nilikataa. Kati ya maamuzi yote niliyofanya wiki ile, hilo ndilo ambalo sijawahi kulijutia.

Lakini kuna watu sikuwaambia. Kaka yangu mkubwa yuko Tanga, na shangazi yuko Mkuranga. Sisi watu wa Pwani mti una mwenyewe, hata pale ardhi inapokuwa ya mwingine, na mwembe ule baba alipofariki ulitajwa kwa jina kwenye kikao cha arobaini: embe zake ni za watoto wote. Kila msimu nilikuwa natuma kiroba Tanga na kiroba Mkuranga. Nilidhani nikiwa mimi ndiye ninayelala chini yake, uamuzi ni wangu. Kaka alipata habari kwa mtu mwingine, tawi la kwanza likiwa limeshaanguka. Alinipigia, akasema, "Umekata mti wa baba hata hukunipa nafasi ya kusema sawa?" Kisha akakata simu. Siku tatu hatukuzungumza. Alipopoa alinitumia laki moja na nusu, akaniambia angetoa tangu mwanzo kama ningemwambia. Pesa ile niliipokea huku nalia.

Sasa fundi wa kwanza. Nilimpata kijiwe cha bodaboda. Alikuja, akautazama mti akiwa amesimama mlangoni, hakuuzunguka, hakutazama juu zaidi ya dakika moja. Akasema laki mbili na nusu, tukapatana laki moja na themanini. Akaomba laki na ishirini ya kuanzia, ya petroli na oili ya chenso, yaani msumeno wa injini, na ya kukodi kamba. Nikampa. Hatukuandika popote. Na kwenye maelewano yetu neno tulilotumia lilikuwa moja tu, kuangusha.

Neno hilo ndilo ninalotaka kila mtu alishike. Kuangusha ni kazi moja. Kukata vipande ni kazi ya pili. Kutoa matawi na magogo hadi barabarani ni ya tatu, kuyabeba kwa gari ni ya nne, kung'oa kisiki ni ya tano, na kila moja ina watu wake na bei yake. Fundi anayekutajia bei ndogo mara nyingi anakutajia ile ya kwanza peke yake. Hakudanganyi. Wewe ndiye hukuuliza.

Alhamisi watu wa umeme walikuja na ngazi yao, wakashusha waya. Fundi akapanda peku, bila kamba kiunoni, chenso inaning'inia begani. Alipofika kwenye panda nikamsikia anapiga kelele. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaong'ata. Mwembe wetu ulikuwa na viota vyao kila mahali, yale majani yaliyoshonwa pamoja, na wao wakimpata mtu hawatoki shingoni. Akawa anakata huku anajipangusa kwa mkono mmoja.

Tawi la upande wa Mama Salma alilianza kwa juu. Mimi sikujua kosa liko wapi, ila niliona. Chenso ilipofika nusu, uzito ukalivuta tawi chini kabla hajamaliza, nyuzi za mti zikachanika kurudi kwenye shina kama mtu anavyochana muwa, na tawi zima likazunguka likaangukia ng'ambo ya ukuta, juu ya choo cha Mama Salma. Bati tatu zilijikunja kama karatasi. Kona ya ukuta ikaenda.

Salma, ana miaka tisa, alikuwa ametoka humo na ndoo dakika chache zilizopita. Ndoo alikuwa bado ameishika.

Hadi leo nikiwaza ile ndoo mwili unanisisimka.

Fundi alishuka, akaomba radhi, akasema ndiyo kazi. Mchana akapanda tena upande wa pili, chenso ikabanwa ndani ya tawi jingine, akaitoa kwa shoka mnyororo ukiwa umekatika. Akaondoka kwenda kununua mnyororo. Simu yake ikazimwa. Tawi lile lilibaki limekatwa zaidi ya nusu, linaning'inia juu ya uwanja wetu, kwa siku tisa. Tulifunga mlango wa uani. Mama alikuwa anapikia chumbani kwa gesi, na usiku upepo ukivuma tu, wote tunaamka.

Gharama za Mama Salma nililipa zote, na sikusubiri anidai. Tofali 35 kwa 1,300, hizo 45,500. Saruji mifuko miwili, 33,000. Mchanga toyo moja, 25,000. Bati tatu, 81,000. Fundi na msaidizi wake kwa siku mbili, 80,000. Jumla 264,500, yaani zaidi ya bei niliyopatana na yule fundi wa kwanza ya kuangusha mti wenyewe. Nilimtaka mwenyekiti wa mtaa awepo siku ninayomkabidhi, tukaandikishana kwamba jambo limekwisha. Hatukufanya hivyo kwa kutoaminiana. Tulifanya hivyo ili watoto wetu wasije wakaulizana.

Fundi wa pili niliunganishwa na mkandarasi mmoja anayejenga mtaa wa pili. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu wa Mkuranga. Alipofika aliuzunguka mti mara mbili, akalala chali chini kutazama juu, akagonga, akaingiza kijiti kwenye ufa wa ardhi apime kina. Halafu akaniuliza maswali kabla hajataja bei. Matawi yanakwenda wapi? Gari linafika wapi? Kisiki kinabaki au kinatoka? Bomba la maji limepita wapi? Choo cha shimo kiko upande gani, tusije tukadondosha gogo juu ya mfuniko? Na mwisho, "Mimi au kijana wangu akianguka, nani anatupeleka hospitali?"

Swali hilo la mwisho mwenzake hakuniuliza, na mimi sikulifikiria. Angeanguka yule aliyepanda peku, ningefanya nini? Tukakubaliana kila upande unabeba nusu ya matibabu ya siku ya kwanza, na yeye hapandishi mtu bila kamba. Tukaandika kwenye daftari: bei 350,000, ni kushusha matawi, kuangusha shina na kukata vipande vya kubebeka na watu wawili. Kubeba si kazi yake. Kisiki si kazi yake. Malipo laki moja asubuhi ya kuanza, laki na nusu matawi yote yakiwa chini, laki ya mwisho baada ya kipande cha mwisho. Mjumbe akatia sahihi kama shahidi.

Kazi yake ilikuwa ya siku mbili, na mimi nilikaa kwenye kigoda nikimtazama kama niko darasani. Watu wa umeme walikuwa wameshusha waya kwa mara ya pili. Kwanza aliwasha moshi wa makumbi ya nazi chini ya mti, akampa kijana jivu ajipake mikono na shingo. Maji moto wakapanda juu, wakaacha njia. Kila tawi alilifunga kamba mbili. Kamba ya kwanza inapita kwenye panda ya juu, kisha inashuka na kuzungushwa mara tatu kwenye shina chini, anaishika mtu mmoja. Halafu kijana anakata kidogo kwa chini ya tawi, anasogea mbele kama shubiri moja, anakata kwa juu. Linapoachia halichaniki. Linakatika safi, kamba inalishika, na yule wa chini analegeza pole pole hadi linatua uwanjani kama mzigo unavyoshushwa jahazini. Kamba ya pili ni ya kulivuta lisiende ukutani. Tawi lile lililotunyima usingizi siku tisa lilishuka hivyo hivyo, hata kuku hawakukimbia.

Shina liliposimama peke yake, alikata mdomo upande anaotaka liangukie, akaingia kwa nyuma juu kidogo ya mdomo ule, akapiga kabari mbili za mti mgumu. Lilipolala, ardhi ilitikisika hadi vikombe vikagongana kabatini. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alilifuata, akaweka kiganja pale palipokatwa. Kati palikuwa na uwazi mweusi, mchwa wanakimbia, lakini uwazi ule ulikuwa wa upande wa panda tu. Chini, mti ulikuwa mzima, mweupe wa maziwa, unanuka embe bichi. "Miaka arobaini na moja," mama akasema, akaingia ndani.

Hapo nikafanya kosa lililoniuma kwa namna nyingine. Niliwaambia wakate shina vipande vifupi, nione limekwisha. Kesho yake alikuja mzee mmoja anayechonga mitumbwi na ngalawa huko Kigamboni, kasikia kuna mwembe umeanguka Mtoni. Mbao ya mwembe ndiyo wanayoitafuta wachongaji, kwa sababu ni nene, nyepesi kuchonga, na inakaa majini. Alipima vipande vyangu kwa macho, akasikitika. Sehemu nzima ya shina ilikuwa na futi kama kumi na tano, ingetoka mtumbwi mdogo. "Ningekupa laki mbili, binti yangu. Ningeuchongea hapa hapa uani nikaukomba tumbo, tukatoka nao umeshakuwa mwepesi." Kwa hiyo ningepata laki mbili, na ningepunguza vipande vya kubeba. Kama unaishi karibu na bahari na unaangusha mwembe, uliza wavuvi kabla chenso haijagusa shina. Usiukate mti vipande kwa sababu tu una hasira nao.

Kuni niliziuza kwa mama anayepika maandazi na kwa mwenye tanuri la mikate, 90,000 kwa jumla. Nilizitoa rahisi kwa sababu zilikuwa mbichi na mimi nilitaka nafasi. Ningezianika miezi mitatu, ningepata zaidi.

Kubeba kulinishangaza kuliko yote. Watu wanatazama mti uliosimama wanadhani wanauona wote. Ukilala chini, uwanja haupo. Matawi yalijaa hadi dirishani, na kenta haingii kichochoroni kwetu. Vijana wanne kwa siku mbili, 15,000 kila mmoja kwa siku, wakaburuta hadi barabarani, 120,000. Kenta trip mbili, 70,000 kila trip. Na ndipo dereva akakataa kupakia magogo hadi nikamletea zile karatasi za manispaa. Chakula cha watu wote kwa siku zote, 45,000, kwa sababu huwezi kumwacha mtu anabeba magogo kwako saa saba mchana na tumbo tupu.

Mwanangu aliwasaidia akiwa kifua wazi. Usiku mikono na shingo vikamuota malengelenge, macho yakavimba. Ule ni utomvu wa mwembe, unaunguza. Mhudumu wa zahanati aliniambia ningemvalisha mikono mirefu na kumwogesha kwa sabuni mara tu alipomaliza, na si kusubiri jioni. Alipona baada ya siku tano.

Kisiki nilitaka kukimaliza kwa bei rahisi. Nikaambiwa nichimbe shimo katikati, nijaze makaa ya moto, kitajila chenyewe. Kilijila kweli, lakini kwa moshi mzito wa siku nne, mti ukiwa mbichi, na mjukuu wa jirani wa nyuma ana pumu. Siku ya nne bibi yake alikuja, hakugomba, alinionyesha tu kile kifaa cha kuvutia dawa. Nilimwaga maji siku hiyo hiyo. Na mizizi iliendelea kufuka chini ya ardhi siku mbili zaidi, ukikanyaga unahisi joto. Sitawasha tena moto kwenye kisiki kilicho karibu na nyumba.

Vijana wawili wenye sururu, shoka na tindo walikitoa kwa siku tatu, 150,000. Siku ya pili walipasua bomba la maji, maana mzizi ulikuwa umelikumbatia. Fundi bomba na vifaa, 38,000. Yule mzee wa Mkuranga aliniuliza bomba limepita wapi, nikajibu sijui, na sikwenda kutafuta. Mizizi iliyoingia chini ya msingi wa nyumba tuliikata ukutani, iliyobaki ndani tukaiacha ioze yenyewe. Kuivuta kungefungua msingi.

Ukijumlisha na zile laki na ishirini za fundi aliyetoroka, ambazo sikuzipata tena, unaifikia hesabu niliyoitaja mwanzo.

Ziko gharama ambazo daftari halikuziandika. Mti ulikuwa unafunika vyumba viwili vya nyuma tangu saa sita mchana. Msimu wa joto uliofuata, kuanzia Desemba, bati zilikuwa zinawaka na chumba cha mama hakikaliki mchana. Tulinunua feni, luku ikawa inaisha kabla ya wakati. Mama anakihamisha kitanda chake cha kamba kufuata kivuli cha ukuta, asubuhi huku, jioni kule. Na maji ya mvua, ambayo zamani majani yaliyapunguza kasi na mizizi ikayanywa, sasa yanasimama uwanjani hadi kizingitini. Vuli ile ile nililazimika kuchimba mfereji. Fikiria kivuli na maji kabla mti haujaondoka, si baada yake.

Mama Salma na mimi tuko vizuri. Choo chake kipya ni kizuri kuliko cha zamani, ameniambia mwenyewe. Kaka alikuja Idi, akasimama pale palipokuwa na shina muda mrefu, kisha akaniomba kipande cha gogo nilichokificha stoo. Amekitengeneza kigoda, yuko nacho Tanga.

Nyuma ya nyumba tuna mkungu, hauna umri mkubwa, lakini matawi yake yalikuwa yameanza kuegemea ukuta. Januari 2025, masika bado mbali, nilimpigia yule mzee. Kabla hajafika nilimpigia kaka, nikampigia shangazi, nikamgongea Mama Salma mlango. Tukaandika: kupogoa matawi manne, kushusha kwa kamba, kukata, kubeba hadi barabarani, kufagia. Elfu sabini, nusu kabla na nusu baada. Kijana wake alipanda na kamba kiunoni, akamaliza kwa saa mbili na nusu. Halafu akachukua fagio la chelewa, akafagia hadi jani la mwisho, kwa kuwa liliandikwa.